Unauza au Unaendesha?

Harufu ndiyo inayotangulia. Kabla jicho halijaona chochote, pua inapata kitu kama kandambili iliyosogezwa karibu na jiko la mkaa, na hapo fundi mzoefu huinua mashine bila hata kufikiri. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini. Niliisikia harufu, nikadhani inatoka kwa majirani waliokuwa wanachomelea mageti, nikaendelea sekunde tatu zaidi. Nilipoinua mashine, kwenye kona ya bampa la mbele, chini kidogo ya taa ya kushoto, palikuwa na alama yenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Katikati ya weusi palitokeza kijivu. Kijivu ni praima. Ukishaiona praima, hakuna polishi duniani itakayokurudisha ulikotoka.

Ilikuwa Septemba 2022, hapa Dodoma, kwenye gereji moja upande wa Kizota, barabara ya kwenda Singida. Septemba kwetu ni mwezi wa upepo. Vumbi linatoka mashambani kulikovunwa mtama na karanga, linapita juu ya mabati, linatua juu ya gari ulilotoka kuliosha. Chembe moja ya mchanga ikiingia chini ya pedi ya polishi, unachora mikwaruzo ya duara kwenye boneti nzima huku ukidhani unaiondoa. Kwa hiyo tulikuwa tunafanya kazi alfajiri, kabla upepo haujaamka, na siku ile tulikuwa tumechelewa.

Gari lilikuwa Toyota IST nyeusi, namba D. Mwenye nalo alikuwa mama mmoja muuguzi aliyestaafu mwaka uleule. Alikuwa na nyumba aliyoanza kuijenga Nala, imefika kwenye linta, na alitaka kuuza gari aezeke kabla ya mvua za Desemba. Mnunuzi alikuwa anakuja Jumamosi. "Wanangu," alituambia, "milango inapendeza, boneti inapendeza, lakini huku mbele limekuwa kama bibi kizee. Nifanyieni kitu." Alikuwa anasema kweli. Mabati yalikuwa bado na mng'ao, bampa lilikuwa na ukungu mweupe na madoa ya maji. Maji ya visima vya huku yana chumvi. Ukiosha gari ukaliacha likaukie juani, kila tone linaacha duara lake, na jua la mji ulio mita elfu moja na ushee juu ya usawa wa bahari linalipika duara hilo mpaka linaingia ndani ya rangi.

Kabla hajakabidhi funguo, mzee wa gereji alimuuliza swali ambalo kila mteja wa polishi huulizwa: "Mama, unauza au unaendesha?"

"Nauza."

Swali hilo nimelifikiria kuliko swali lolote nililoulizwa chuoni. (Nilimaliza shahada yangu 2018, ajira hazikuja, na sitaki kuongeza kilio changu kwenye vilio vya wenzangu, maana tumejaa.) Linaonekana kama swali la biashara tu, namna ya kujua mteja anataka nini. Lakini ndani yake limebeba maamuzi yote. Anayeendesha atakaa na gari lile miaka mitano, kwa hiyo unamkwaruzia kidogo, unamwachia akiba. Anayeuza anataka Jumamosi ipite salama. Huyo unaweza kumkata mpaka chini. Rangi itakayokosekana mwaka ujao itakosekana kwa mtu mwingine, mtu ambaye hayupo pale gereji na hakuulizwa.

Msomaji asiyewahi kushika mashine hii anisamehe nikieleza kidogo kinachotokea, kwa sababu bila hicho swali langu lote litaonekana kama la mtu anayejisumbua bure.

Rangi ya gari ni tabaka. Chini kuna praima, juu yake kuna rangi yenyewe, na juu kabisa kuna klia, ambayo haina rangi bali ndiyo inayong'aa na ndiyo inayoizuia rangi isiliwe na jua. Klia ya kiwandani ina unene wa maikroni 40 hivi, kidogo zaidi au kidogo pungufu. Unywele wa kichwani kwako ni mnene kuliko hiyo. Polishi haiongezi kitu juu ya gari. Watu wengi hudhani tunapaka. Hatupaki, tunapunguza. Mkwaruzo ni bonde. Sisi tunashusha milima ya pande zote mbili mpaka bonde lionekane tambarare. Kila ung'aaji umelipiwa kwa unene, na unene ule haurudi mpaka gari lipigwe rangi upya.

Kwenye bati, kosa lina nafasi ya kuokolewa. Chuma kinasafirisha joto zaidi ya mara 200 kuliko plastiki ya bampa. Pedi inaposugua mlango, joto linakimbilia pembeni, bati zima linalibeba. Pedi inaposugua bampa, joto halina pa kwenda. Linabaki palepale juu, linailainisha klia, na klia iliyolainika inavutwa kama utando wa maziwa. Tena bampa limejaa kona, mikunjo na kingo, na kwenye kingo rangi huwa nyembamba zaidi, kwa sababu wakati wa kupuliziwa ikiwa mbichi rangi hujivuta kutoka kwenye ukingo. Pale ambapo mashine inauma zaidi ndipo penye akiba ndogo zaidi. Ongeza na hili: kifaa cha kawaida cha kupimia unene wa rangi kinafanya kazi kwa sumaku au umeme unaojibiwa na chuma kilicho chini. Mteja mmoja mkubwa wa serikalini aliwahi kuja nacho, kidogo kama simu ya kitochi. Tukakiweka mlangoni, kikasoma 112. Boneti, 104. Tukakiweka kwenye bampa, kikanyamaza. Kistari tu kwenye kioo. Vipo vya mawimbi ya sauti vinavyoweza kusoma juu ya plastiki, ila bei yake ni ya kununulia pikipiki. Kwa hiyo kwenye bampa fundi wa kawaida anafanya kazi bila kujua kimebaki nini.

Siku hizi kila ukingo naubandika tepu ya karatasi, napita kona kwa mkono na kitambaa. Mashine inayozunguka mahali pamoja siitumii kabisa kwenye plastiki. Natumia ile inayozunguka huku ikiyumba, pedi ndogo, spidi ya chini, mkono mwepesi. Napita mara mbili, nazima, naweka mgongo wa kiganja juu ya bampa. Mgongo wa kiganja una hisia kuliko vidole vyetu hivi vilivyokomaa. Kama siwezi kuuacha pale kwa raha, nasubiri, nanywa maji. Miwani machoni, barakoa puani, waya wa umeme begani usije ukazungukwa na pedi. Haya yote nayajua sasa. Wakati ule nilikuwa najua nusu yake, na nusu hiyo niliisahau kwa sababu upepo ulikuwa unakuja.

Mzee wa gereji hakunigombeza. Alikuja, akainama, akaangalia kijivu changu, akasema, "Anauza, si ndiyo?" Kisha akaenda ofisini kwake akarudi na maka peni nyeusi. Akajaza pale penye praima taratibu, kama mtu anayempaka mtoto wanja, akapuliza kwa mdomo pakauke, akapaka nta, akafuta. Dakika kumi. Ukisimama hatua moja, huoni kitu. Ukiinama na kujua pa kuangalia, unaona weusi uliofifia kuliko wenzake. Akanipiga begani: "Umeona? Jifunze."

Saa kumi jioni mama akaja. Alilizunguka gari lake, akasimama mbele, akacheka. Alilipa elfu arobaini, na mimi akaniwekea elfu mbili mkononi ya soda. Niliinywa hiyo soda.

Nimekulia wilaya ya Kongwa, karibu na Kibaigwa, kwenye soko la mahindi ambalo malori ya nchi nzima huja kupakia. Huko mtoto anajifunza mapema kwamba gunia lina sura na lina tumbo. Mnunuzi anayejua kazi haangalii mdomo wa gunia. Anachoma bambo ubavuni, punje zinatiririka kiganjani, anazitafuna kusikia kama zimekauka. Waislamu tuliosoma nao walikuwa na simulizi ya Mtume Muhammad akipita sokoni. Aliingiza mkono kwenye rundo la nafaka, vidole vikatoka na majimaji. Akauliza, ni nini hiki? Mwenye nafaka akajibu kwamba mvua imeinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi ile iliyolowa hakuiweka juu watu waione. Nikiwa mtoto nilidhani simulizi ile inahusu wizi. Baadaye niligundua kwamba mwenye nafaka hakuwa amesema uongo hata neno moja. Alipoulizwa alisema kweli, papo hapo. Kosa lake lilikuwa mpangilio: kavu juu, mbichi chini.

Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, mwanasheria na mwanasiasa wa Roma, alimwandikia mwanawe aliyekuwa masomoni Athens kitabu kuhusu wajibu. Ndani yake kuna mfanyabiashara anayetoka Iskandaria na shehena ya nafaka kwenda kisiwa cha Rhodes, ambako watu wana njaa na bei imepanda. Njiani ameziona meli nyingine nyingi zenye nafaka zikija nyuma yake. Je, akifika awaambie wenyeji, au auze kwanza kwa bei ya njaa? Cicero anawaweka wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, zaidi ya hapo auze, mradi hadanganyi. Kukaa kimya si sawa na kuficha. Mwanafunzi wake Antipater anasema mnunuzi anastahili kujua kila anachokijua muuzaji. Cicero mwenyewe anaegemea kwa Antipater.

Niliposoma kisa hicho, nilikuwa upande wa Diogenes, nikiri. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, tuliyoirithi kwa Waingereza, ina moyo wa Diogenes pia: kama mnunuzi amekagua mali, asije baadaye akalalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuiona. Mnunuzi ana macho. Na kwa kweli mjini Dodoma, tangu serikali ilipohamia kwa kishindo baada ya 2016, magari yamebadilisha mikono kiasi kwamba kila mnunuzi anakuja na fundi wake, na fundi anakuja na tochi. Anasikiliza injini, anachungulia chini, anakuna kizibo cha oili. Hayo yote yapo wazi. Nikajiambia kwamba kona ya bampa ni kitu kidogo mno cha kumtwisha mtu falsafa.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinanisumbua ambacho Diogenes hakukigusa. Mfanyabiashara wa Iskandaria hakuiharibu nafaka. Yeye anajua tu jambo ambalo wengine hawalijui. Mimi sikuwa nimejua, nilikuwa nimefanya.

Na hapa nataka kusema jambo ambalo mafundi wenzangu hatukubaliani, tumelibishania mpaka chai ikapoa. Kuna polishi za aina mbili. Kuna za kujaza, ambazo zina mafuta na nta. Zinalala ndani ya mikwaruzo, gari linang'aa, na baada ya kuosha mara tatu nne mikwaruzo inachungulia tena. Hizo kila mtu anaziita za udanganyifu. Halafu kuna za kukata, ambazo zinauondoa mkwaruzo kwelikweli, hautarudi. Hizo ndizo zinazoitwa kazi ya uaminifu, na bei yake iko juu. Mimi naona imegeuzwa. Ya kujaza inamdanganya mnunuzi wiki mbili, kisha inamrudishia gari lake likiwa na klia yake yote. Ya kukata haina uongo hata chembe juu ya uso, ila imekula miaka ambayo mnunuzi alidhani amenunua. Ukinilazimisha nichague gari lililodanganywa kwa nta au lililosemewa kweli kwa msasa namba 2000, mimi mnunuzi nitachukua la nta. Mwenzangu mmoja alinijibu kwamba hiyo ni hoja ya mwanamume anayetafuta mke kwa kuogopa wanaojipodoa. Tukacheka. Ila hakunijibu.

Wahenga walikwishasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nadhani walikuwa wanamwonya mtazamaji. Sijasikia methali ya kumwonya aliyeukwangua mkakasi.

Juni 2023 nilikuwa nimeshaondoka gereji ile, nina kibanda changu cha turubai na tangi la lita elfu moja. Asubuhi moja IST nyeusi ikaingia. Nililitambua gari kabla sijamtambua mtu, kwa sababu mtu nilikuwa sijawahi kumwona. Alikuwa mwalimu wa sekondari kutoka upande wa Kondoa, mpole, shati limepigwa pasi. Nilimpa shikamoo yake. Akanionyesha kona ya bampa chini ya taa ya kushoto. Wino wa maka peni ulikuwa umekufa zamani. Klia ilikuwa imeanza kubanduka kuzunguka kidonda, ikisonga mbele kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na duara lilikuwa limefikia ukubwa wa kiganja.

"Fundi, hapa panahitaji polishi kidogo?"

Nikamwambia polishi haitafaa, hapa klia haipo, tukigusa na mashine tutafika kwenye plastiki. Panatakiwa msasa, praima ya plastiki, rangi na klia upya. Alisikiliza kwa makini kama walimu wanavyosikiliza. Kisha akauliza, "Hii inasababishwa na nini?"

"Walipiga polishi sana," nikasema.

Walipiga. Kiswahili chetu kina hicho kiambishi cha ajabu, wa-, kinachoweza kubeba watu ambao hawapo. Walisema, walikuja, walivunja. Wakina nani? Wao. Nilijificha ndani ya silabi moja.

Mwalimu akatikisa kichwa, akasema, "Haya basi." Kwa sauti ile niliona kwamba kuna mtu amemfikiria, lakini sikuuliza nani.

Nilimfanyia kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Bampa nililishusha, nikalisugua lote, nikaweka praima ya kushikisha, maana plastiki ya bampa haipendi rangi na usipoibembeleza itaitema. Nikapuliza rangi, nikapuliza klia tabaka mbili. Nilimtoza gharama ya vifaa peke yake. Alipouliza mbona bei ndogo, nikasema nimempunguzia kwa kuwa ni mwalimu. Alinishukuru sana, akaniombea. Akanirushia wateja: walimu wenzake watatu, kisha afisa elimu mmoja, kisha mchungaji. Kwa miezi sita sehemu nzuri ya riziki yangu ilitokana na sifa ya uaminifu niliyoipata kwa kuficha kosa nililolifanya na kulilipia nusu.

Usiku nilikuwa nafanya hesabu. Nilimharibia bampa, nimemtengenezea bampa. Limekuwa bora kuliko nilivyolikuta. Deni lipo wapi? Nilijaribu kulipata nikashindwa, na bado kila aliponiita "fundi mwaminifu" nilikuwa naangalia chini. Anayelipa bila kusema analipa nini hasa? Nilikuwa na jibu lililoniridhisha, kwamba ukweli wangu usingemwongezea mwalimu kitu zaidi ya uchungu. Bampa lilishapona. Kumwambia kungekuwa kuushusha mzigo wangu juu ya mabega yake ili mimi nilale. Bado naliona ni jibu zuri. Kasoro yake ni kwamba lilidhani nayajua madhara yote ya kosa langu, wakati nilikuwa nayajua yale ya kwenye plastiki tu.

Januari 2024 mwalimu akanipigia. Kijana wake wa mwisho alikuwa amepata matokeo ya kidato cha nne, si mabaya si mazuri, na mzee alitaka akae na mimi mwaka mmoja ajifunze kazi. "Nimeona mafundi wengi," alisema. "Nataka akajifunzie kwa mtu mkweli."

Nilimwomba aje tuongee. Alikuja jioni, tukakaa kwenye benchi, IST imeegeshwa mbele yetu, bampa linang'aa kwa taa ya barabarani. Nikamwambia. Nilianza vibaya, nikazunguka, nikaeleza habari za joto na plastiki mpaka akanikatisha: "Fundi, sema." Nikasema ni mimi. Nilichoma mimi, Septemba 2022, tukaweka wino, tukanyamaza.

Alikaa kimya muda mrefu. Nilijiandaa kwa hasira, nilijiandaa pia, naona aibu kuandika, kwa kusamehewa. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza, "Yule mama alijua?"

"Hapana. Hakujua hata kidogo."

"Ulimwona akipokea gari?"

"Nilimwona. Alicheka."

Mwalimu akavua miwani, akaanza kuifuta kwa shati. Ndipo akaniambia. Walipatana milioni tisa. Alitoa milioni nane na laki sita, laki nne wakaandikiana angezimalizia baada ya miezi mitano. Mwezi wa tatu baada ya kununua, kwenye mvua, kona ya bampa ikaanza kubanduka, akainama akauona wino wa kalamu. Akajua amechezewa. Fundi gani ataweka wino kwenye gari bila mwenye gari kujua? Alimpigia yule mama, akamwambia maneno ambayo alisema hatayarudia mbele yangu, na zile laki nne hakumpa. Mama alilia kwenye simu akiapa hajui kitu, na kile kilio ndicho kilichomthibitishia kwamba ni mwigizaji. Zaidi ya hapo, mama na mke wa mwalimu walikuwa wanasali kanisa moja. Mama alihama ibada, akawa anakwenda ile ya asubuhi sana.

Laki nne zilikuwa za mabati. Sikuhitaji kuambiwa.

Miezi yote ile nilipokuwa nalipima kosa langu kwa maikroni, kwa bei ya klia na siku mbili za kazi, kulikuwa na mtu Nala anayeishi chini ya jina la tapeli. Antipater angesema mnunuzi alistahili kujua. Sawa. Lakini aliyestahili zaidi kujua alikuwa muuzaji, yule aliyelipa elfu arobaini apendezeshewe gari lake, na ambaye hakuna mwanafalsafa hata mmoja kati ya wale wawili aliyemkumbuka, kwa sababu kwenye mifano yao anayeuza ndiye anayejua.

"Namba yake ninayo," mwalimu akasema. "Nitampigia mimi. Lakini utaanza wewe."

Nilipiga kesho yake saa nne asubuhi, nikiwa nimesimama nyuma ya tangi ili kijana anayenisaidia kuosha asisikie. Nilijitambulisha. Hakunikumbuka mpaka nilipotaja soda. Nikamweleza yote, safari hii bila habari za joto. Nyuma yake nilikuwa nasikia konda anaita Jamatini, Jamatini.

"Na mwalimu umemwambia?"

"Jana, mama."

"Amesema nini kuhusu mimi?"

"Amesema atakupigia leo. Na ile hela ataituma."

Kimya. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayekagua daftari la wodi, "Siku ile nilikulipeni shilingi ngapi?"

"Elfu arobaini."

"Nilimaliza yote? Sikudaiwa?"

"Ulimaliza yote, mama. Na elfu mbili ya soda."

Akasema yuko ndani ya daladala, watu wanamsikiliza, atanipigia akishuka. Hiyo ilikuwa Alhamisi, wiki tatu sasa. Laki nne mwalimu alizituma siku ileile, alinionyesha ujumbe. Kijana wake alianza kazi Jumatatu iliyofuata, anajifunza kubandika tepu kwenye kingo. Simu nimeiwekea mlio mkubwa, kwa sababu mashine ikiwaka sisikii kitu.